Kaacha pombe ghafla, siku ya tatu anaona wadudu ukutani: kabla hamjasema malaria imepanda kichwani au majini, someni hapa

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mimi ni nesi, wodi ya wanaume, huku Kilimanjaro. Kila sikukuu za mwisho wa mwaka zikiisha, watu wameshakuja nyumbani wamekunywa mbege na bia kuanzia asubuhi siku nenda siku rudi, Januari tunaanza kuletewa wanaume wamefungwa kamba nyuma ya pikapu, ndugu wanakwambia malaria imempanda kichwani, wengine wanasema katupiwa kitu na jirani kwa ajili ya shamba. Unapima malaria, hakuna. Ukikaa na mke wake pembeni ukauliza taratibu unaambiwa aah nesi, pombe ameshaacha, tangu juzi hajagusa kabisa, tunamshukuru Mungu. Basi hapo hapo ndipo penyewe.

Kuna ugonjwa unaokuja kwa kunywa na kuna ugonjwa unaokuja kwa kuacha ghafla, na huu wa pili unaweza kummaliza mtu ndani ya wiki moja. Vijana wanaita arosto. Tumezoea kulisikia kwa wale wa unga, na arosto ya unga inatesa sana lakini ni nadra yenyewe kuua, ya pombe ndio inaua. Watu wengi hawalijui hili, hata wasomi.

Inakuwaje. Pombe inapooza ubongo. Ukiipiga kila siku kwa miaka ubongo nao unajifunza kujiongezea moto ili usilale, yaani ni kama watu wawili wanasukumana mlangoni, mmoja huku mmoja kule, nguvu zimelingana. Sasa mmoja akiachia ghafla yule mwingine anaingia ndani kichwa kichwa. Pombe ikitoka mwilini ule moto unabaki peke yake hauna wa kuuzuia, mapigo ya moyo juu, presha juu, jasho, kutetemeka, usingizi hakuna.

Masaa ndio ya kuyashika. Kuanzia kama saa 6 mpaka 12 baada ya kinywaji cha mwisho ndio inaanza, na wakati mwingine mtu bado ananuka pombe kabisa. Mwambie anyooshe mikono mbele atanue vidole, angalia. Mpe chai kwenye kikombe, mwangalie kama anashika kwa mikono miwili na bado inamwagika kwenye sahani. Jasho linamtoka wakati wengine wamevaa masweta, kichefuchefu, anatapika asubuhi, kichwa kinauma, roho haitulii, mlango ukigongwa anashtuka kama kapigwa. Ukimshika mapigo yanazidi 100 kwa dakika na amekaa tu.

Wengi inaishia hapo, siku mbili tatu wanatulia. Ila kuna wanaoendelea. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka akapiga degedege kama mwenye kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Wengine wanaona vitu au wanasikia watu wanawasema nje ya dirisha lakini ukimuuliza uko wapi anakwambia vizuri tu niko nyumbani, leo Jumanne. Huyo bado akili ipo. Halafu kuna ile yenyewe, kwa kawaida inaingia kati ya siku ya pili na ya nne, madaktari wanaita deliriamu tremensi. Hapo hajui yuko wapi, hajui mchana wala usiku, joto limepanda, anaweweseka, anaokota vitu kwenye shuka ambavyo havipo, anafukuza panya na siafu. Mara nyingi wanafanya kazi zao. Tuliwahi kuwa na mzee fundi cherehani, usiku mzima alikaa kitandani analowesha uzi mdomoni, anafumba jicho moja, anatunga kwenye sindano ambayo haipo, halafu mguu unakanyaga cherehani chini ya kitanda. Mke wake analia anasema wamemchukua akili. Nani kamchukua, ilikuwa pombe aliyoiacha Jumapili.

Zamani kabla ya matibabu ya sasa, waliofika hatua hiyo walikufa mpaka karibu theluthi yao. Leo akiwahi hospitali akapewa dawa zake wanaokufa ni wachache sana. Kwahiyo tofauti ni kuwahi, na kumwambia daktari UKWELI kwamba huyu ni mnywaji na ameacha lini saa ngapi. Hilo la pili ndilo linalotukwamisha kuliko yote na nitalirudia.

Mwana_Makorora

Dada nesi Mungu akubariki. Haya yametokea kwetu Tanga. Kaka yangu mkubwa ni mtu wa kunywa, tena anajificha, familia ni ya dini. Mwezi mtukufu ukikaribia wanafanya vunja jungu lao, wanakunywa usiku na mchana, halafu Ramadhani ikiingia anaacha kabisa, anafunga. Mwaka jana siku ya pili ya mfungo, magharibi, tumekaa kwenye futari, anataka kushika tende mkono unacheza, nikajua swaumu imemkalia vibaya. Kabla ya tarawehe akaanguka, macho yamegeuka, povu. Mama akasema hili jini, mwezi huu majini yamefungwa lakini hili limebaki kwake, akaitwa shehe akasomewa mpaka saa sita usiku. Alivyoamka hajui kilichotokea. Kesho yake ndio tukaenda hospitali, akaandikiwa vidonge vya kifafa na anavimeza mpaka leo. Swali langu ni hilo, je ana kifafa kweli?

Zamu_ya_Usiku

@Mwana_Makorora pole sana. Vunja jungu halafu mfungo, hiyo ni njia ya moja kwa moja, sawa na huku kwetu Krismasi halafu Januari, au wale wanaoacha Jumatano ya Majivu kwa ajili ya Kwaresima. Nia ni njema kabisa, mwili ndio haukuandaliwa.

Kuhusu kifafa siwezi kusema kwa mtu nisiyemwona. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyepata degedege siku ya pili baada ya kuacha pombe, na hajawahi kupata nyakati nyingine, inabidi daktari alijue hilo la pombe, maana vidonge vya kifafa vya kila siku kama fenitoini haviizuii degedege ya arosto. Je pale hospitali mlisema kwamba anakunywa?

Mwana_Makorora

Hatukusema. Mama alikuwa amekaa pale pale.

Zamu_ya_Usiku

Basi mrudisheni kliniki, aende yeye na wewe tu, amweleze daktari yote. Vidonge asiviache mwenyewe ghafla, navyo kuviacha ghafla kuna hatari yake. Na Ramadhani nyingine isifike hivi hivi, aonane na daktari mapema kabla ya mwezi, kuna namna ya kumshusha taratibu kwa dawa. Hizi arosto zinajijenga, ya kwanza mtu alitetemeka tu, ya tatu akaanguka, ya tano akapotea akili. Aliyewahi kupiga degedege kwa kuacha pombe asijaribu tena kuacha peke yake nyumbani. Na degedege yenyewe ni onyo, akiachwa bila matibabu karibu theluthi ya wanaoipata wanaingia kwenye ile hatua ya kupotea akili.

Kamanda_wa_Mbezi

Mimi sipingi ila mnatisha watu. Nimekunywa tangu niko sekondari mpaka nimezeeka, nikaamua kuacha nikaacha, mafua tu kidogo na kukosa usingizi wiki moja basi. Hizi habari za kuona siafu ni hawa wa gongo, sababu gongo ina sumu, wanaweka mbolea na betri mle. Mtu wa bia hawezi kupata hayo.

Zamu_ya_Usiku

Mkuu hongera kwa kuacha, kwa moyo wote. Na ni kweli wengi wanapita kama ulivyopita. Lakini la bia sio kweli na ni la hatari maana kuna mtu ataamini. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina pombe kama gramu 20. Kichupa kidogo cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kama gramu 55. Yaani bia tatu zinazidi kichupa kidogo. Anayekunywa bia nane kumi kila siku ubongo hauulizi ilikuwa kwenye chupa ya rangi gani.

Tabibu_wa_Zamani

Naomba niongezee kwa Kamanda, maana hoja yake wataalamu wenyewe walibishana juu yake miaka mingi. Jina deliriamu tremensi lilitolewa na daktari Mwingereza Thomas Sutton mwaka 1813, lakini zaidi ya miaka mia baadae bado kulikuwa na madaktari wanaosema ni sumu ya pombe yenyewe, wengine wanasema ni kukosa chakula na vitamini. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake kule Lexington, Kentucky, Marekani, walichapisha jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelikubali. Walichukua wanaume 10 waliowahi kuwa watumiaji wa mofini, wakawapa pombe safi kila siku pamoja na chakula kizuri na vitamini za kutosha, halafu wakakata ghafla. Wanne walioishia njiani, kati ya siku 7 na 34, walipata mtetemeko na jasho tu. Sita waliokunywa siku 48 mpaka 87 wote waliugua, wawili wakapiga degedege, watatu wakapotea akili. Hawakuwa na sumu, hawakuwa na njaa, kilichowaangusha ni kukatiwa. Ubishi uliisha pale.

Hiyo ya sumu kwenye pombe ya kienyeji ipo lakini ni kitu kingine. Mtu aliyekunywa jana na leo anasema haoni vizuri, macho yana ukungu, tumbo linamkata, anahema haraka haraka, huyo fikiria methanoli, na huyo ni wa kukimbizwa dakika hiyo hiyo.

Kamanda_wa_Mbezi

Nimekuelewa tabibu. Sasa nani anajijua yuko kundi la hatari?

Tabibu_wa_Zamani

Swali namba moja mimi huwa nauliza: asubuhi unaanza na nini? Anayesema lazima azimue kwanza ndio mikono itulie, apate nguvu ya kupiga mswaki, huyo mwili umeshafungwa, tayari anaonja arosto kila asubuhi na anaitibu kwa pombe yenyewe bila kujua. Aliyewahi kupata degedege au kuweweseka. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi bila kupumzika. Asiyekula, anayeishi kwa pombe na karanga. Mwenye umri mkubwa, mwenye ini bovu, na yule mwenye ugonjwa mwingine juu yake, nimonia, kidonda, ajali.

Mkaazi_wa_Kayole

Wasee wa TZ mko mbele kwa hii topiki. Huku Nairobi hiyo ya asubuhi tunaiita kutoa lock, na watu huichukulia kitu ya kawaida tu, jamaa anaamka saa kumi na moja anaenda kwa mama pima kutoa lock ndio aende mjengo. Mimi nina kitu imeniuma sana. Binamu yangu familia ilichanga pesa, wakatafuta vijana wa kituo fulani cha kurekebisha tabia, wakamchukua usiku akiwa amelala. Kufika huko anafungiwa kwa chumba, godoro chini, hakuna daktari, hakuna nesi, ni maombi na uji. Wanasema lazima asikie uchungu ndio asirudie. Siku ya tatu wakatupigia simu ati amekuwa mwenda wazimu anapiga kuta na kichwa. Tulimtoa tukampeleka hospitali kubwa, alikuwa moto kama jiko, alikaa huko kitambo. Anaishi, lakini ilikuwa karibu. Daktari alituambia angelala pale siku moja zaidi tungekuwa tunapanga mazishi.

Kwahivyo mtu akitafuta kituo aulize maswali mawili kwanza: mko na mtu wa hospitali usiku? mko na dawa ya kumshusha? Wakianza kuzunguka, ondoka. Kwa wakenya, NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wako na laini ya bure, 1192, unaweza kuuliza kabla hujatoa pesa.

Zamu_ya_Usiku

@Mkaazi_wa_Kayole pole sana kwa binamu, na ahsante kwa hayo maswali mawili, hata huku soba hausi zipo nzuri na zipo za kufungia watu. Kumwacha mtu wa arosto peke yake chumbani na mlango umefungwa kwa nje ni kumwacha afe. Mahabusu vile vile. Mtu kakamatwa Ijumaa usiku, Jumatatu ndio mahakamani, Jumapili anaanza kupiga kelele anaonekana mkorofi anamwagiwa maji. Ndugu mkienda kumwona semeni kwa askari wa zamu, huyu anakunywa kila siku, anahitaji hospitali.

Na wale wa ajali nilitaka kuwataja. Kijana wa bodaboda kavunjika mguu, kalazwa, mguu umefungwa vizuri, siku ya kwanza anacheka na wenzake. Siku ya tatu anachomoa dripu anataka kutembea na mguu uliovunjika. Hapo wodini tunaanza kuhangaika, ni kichwa kiligonga? ni maambukizi? na inabidi vyote viangaliwe kweli, maana mlevi anaanguka sana na damu inaweza kuvilia kichwani, malaria inaweza kuwepo pia juu ya arosto, na sukari inaweza kushuka. Kuwa na arosto hakumzuii kuwa na vingine. Lakini kama ndugu angetuambia siku ya kwanza kwamba huyu kila siku ni chupa, tungeanza dawa mapema na huko asingefika.

Ndugu wanaficha sana jamani. Mchungaji amesimama pembeni ya kitanda, mama mkwe ameshika Biblia, namuuliza mke anakunywa? Anasema kidogo tu kwenye sherehe. Mimi siku hizi nawaambia wote tokeni nataka kumgeuza mgonjwa, namwomba mke abaki anisaidie, halafu ndio nauliza tena kwa sauti ya chini. Anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, ya mwisho ilikuwa saa ngapi, ameshawahi kuanguka. Majibu manne hayo yananipa zaidi ya kipimo chochote cha maabara. Hatuwaulizi ili kuwasema na wala hatutangazi wodini.

Mama_Wawili_Rombo

Naombeni msinicheke ndugu zangu. Mume wangu anakunywa gongo kila siku, saa moja asubuhi ameshatoka. Mikono inatetemeka kama mlivyosema mpaka anywe. Mwenyewe ameamua, ameniapia mbele ya watoto Jumatatu anaacha kabisa, haonji tena. Nimefurahi nimelia, sasa nasoma huu uzi naogopa. Zahanati iko karibu ila hospitali ni mbali, ni bodaboda halafu hiace. Nifanyeje? Kuna mtu kamwambia anunue valiamu duka la dawa ameze, na ameshanunua.

Zamu_ya_Usiku

@Mama_Wawili_Rombo hakuna wa kukucheka hapa mdogo wangu. Na mumeo amefanya jambo kubwa, mwambie hivyo, asione sasa unamkatisha tamaa.

Jumatatu badala ya kuwa siku ya kuacha iwe siku ya kwenda hospitali. Mpaka aonwe na daktari ASIACHE GHAFLA. Najua inasikika vibaya nesi kusema mtu aendelee kunywa, lakini mtu kama huyu anayezimua asubuhi, kukata mara moja nyumbani mbali na hospitali ni hatari kuliko kuendelea kidogo mpaka apate msaada. Asiongeze, asiende kuagana na rafiki zake kwa chupa kubwa, na asikate. Hospitali wataamua kama alazwe au ashushwe kwa dawa huku akirudi kuangaliwa.

Valiamu ichukue uiweke mbali. Ni kweli dawa za jamii hiyo ndizo tunazotumia wodini, lakini kwa dozi inayopimwa kulingana na hali yake, tunamwangalia kupumua, tunapunguza siku hadi siku. Akizimeza mwenyewe halafu jioni akashindwa akanywa gongo juu yake, anaweza kulala akaacha kupumua. Na akiona zimemtuliza atazizoea nazo.

Ikitokea ameacha kabla hamjafika, mkaidi kagoma kunywa Jumapili, basi usimwache peke yake mchana wala usiku. Maji, uji, chochote kinachokaa tumboni, taa ya chini iwake usiku kwasababu giza linawaongezea kuona vitu, kelele ipungue, watoto walale kwa bibi. Ukiona anatetemeka mwili mzima, anatapika kila kitu, moto mwilini, anaongea na watu ambao hawapo, hajui siku, au ameanguka na degedege, hapo usisubiri kupambazuke, tafuteni usafiri. Hapo pombe ya kumtuliza usimpe tena, anaweza kupaliwa, hospitali tu.

Akipiga degedege mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, weka nguo chini ya kichwa, angalia saa. Usimwekee kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu wala moshi wa kiberiti, usimkalie kumbana. Ikizidi dakika 5 au zikifuatana bila kuzinduka ni dharura kubwa kabisa.

Tabibu_wa_Zamani

Mama Wawili, na mkifika umuulize daktari kuhusu vitamini B1, thayamini. Wanywaji wa muda mrefu wanaipungukiwa karibu wote, na ni sindano isiyo na gharama kubwa. Ikikosekana kuna kuharibika kwa ubongo kunakoitwa kwa jina la Carl Wernicke, daktari aliyeuelezea ugonjwa huo mwaka 1881: mtu anachanganyikiwa, macho yanachezacheza au hayageuki vizuri, anatembea miguu imepanuka kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Sio lazima zote tatu zionekane. Ikicheleweshwa kumbukumbu inapotea moja kwa moja, unakuta mtu wa miaka hamsini hawezi kukwambia alikula nini asubuhi. Ndio maana tunafundishwa thayamini itangulie au iende pamoja na dripu ya sukari, isiachwe nyuma. Vijana wangu wa zahanati mnaosoma hapa, lishikeni hilo, mlevi akiingia dhaifu mkono unakimbilia glukosi kwanza. Sukari ikiwa imeshuka kweli usiicheleweshe, mpe, lakini B1 iwe mkononi.

Mwana_Makorora

Nauliza tena, akishatibiwa hizo siku, anakuwa amepona? Kaka akitulia wiki tu anasema niko fiti, anarudi kijiweni.

Tabibu_wa_Zamani

Mwili unatulia ndani ya kama wiki, ila usingizi mbovu, hasira za karibu na ile hamu vinaweza kuendelea wiki nyingi, hata miezi. Familia nyingi hawajui hilo wanaona ni tabia. Kutoa pombe mwilini ni mwanzo tu, baada ya pale anahitaji watu wa kuongea nao, kliniki ya afya ya akili, vikundi vya walioacha kama AA ambao walianza Akron, Ohio, mwaka 1935 na huku vipo mijini, wengine msikiti au kanisa linawashika vizuri. Kwa kaka yako hapo kijiweni ndipo pa kuongelea, sio vidonge tu.

Mkaazi_wa_Kayole

Binamu yangu huyo hasira ilikaa kama miezi mitatu. Tulikuwa tunasema ameharibika. Ikaisha polepole.

Mama_Wawili_Rombo

Dada nesi nimeongea nae usiku huu. Mwanzo alikasirika akasema sasa mnataka ninywe au nisinywe. Nikampa simu asome mwenyewe ile ya fundi cherehani, akanyamaza, akasema marehemu baba yake alifanya hivyo hivyo, alikuwa anapalilia kahawa juu ya kitanda, na wao walijua ni laana ya ukoo. Amekubali twende, na shemeji atatuchukua na bodaboda mpaka barabarani. Vile vidonge amenipa mwenyewe. Twende zahanati kwanza au moja kwa moja?

Zamu_ya_Usiku

Moja kwa moja hospitali, kwa anayezimua asubuhi zahanati watawapa rufaa tu mtapoteza nusu siku. Ila kama njiani ataanza kutetemeka vibaya simameni kituo chochote cha afya kilicho karibu. Ale kabla hamjatoka. Kwenye pikipiki akae katikati, wewe nyuma yake umshike, asipakizwe peke yake. Andika kwenye karatasi saa aliyokunywa mara ya mwisho na kiasi, kadi ya bima kama ipo, na dawa zozote anazomeza bebeni na hizo valiamu pia muonyesheni daktari. Hilo la baba yake liseme pia, na muulizeni kama mumeo mwenyewe ameshawahi kuanguka akiwa safarini au msibani ambako hakupata pombe. Mkifika dirishani kama kuna watu wengi usiseme tu tumbo linamuuma, mwambie nesi wa mapokezi anakunywa kila siku na tumekuja kumwachisha, ataelewa.